Mchoro wa mafuta wa Letitia Hamilton mnadani Dublin: nikague nini kabla ya kuweka dau?

PichaZaZamani

Wakuu, habari zenu. Kuna mchoro wa rangi ya mafuta unaingia mnadani Dublin wiki ijayo. Katalogi inasema ni kazi ya Letitia Marion Hamilton (1878–1964). Maelezo yaliyotolewa ni haya tu: mafuta juu ya ubao, sentimita 48 kwa 58, soko la mifugo na milima kwa nyuma, herufi LMH kona ya chini kushoto, makadirio euro 4,000 hadi 6,000. Mwaka haukutajwa. Historia ya umiliki ni maneno mawili, "mkusanyo binafsi". Picha zilizowekwa mtandaoni ni mbili na zote ni za mbele.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Nidai nini zaidi kutoka kwa nyumba ya mnada? Hizo herufi nitajuaje kama ni za mkono wake? Hali ya rangi inakaguliwaje? Na hesabu inaishia wapi ukishaweka kamisheni na kodi? Bajeti yangu yote, pamoja na makato, ni euro 7,000.

---

KisuNaBrashi

Mkuu, anza na vipimo, maana hapo pana jambo. Mbao na kanvasi zilizouzwa Ireland na Uingereza enzi zake zilikatwa kwa inchi, na saizi inayoonekana sana kwenye kazi zake ni inchi 20 kwa 24, karibu sentimita 51 kwa 61. Ya kwako ni 48 kwa 58. Huenda aliyepima alipima ile sehemu inayoonekana ndani ya fremu, au huenda ubao umepunguzwa. Waombe kipimo cha ubao wenyewe ukiwa nje ya fremu. Wakikuambia bado ni 48 kwa 58, kagua kingo: pigo la kisu lililokatika ghafla ukingoni, na sahihi iliyobanana na kona kana kwamba msanii aliishiwa nafasi. Watu hupunguza ubao pale kona zinapofumuka, na kila sentimita inayotolewa inaondoka na sehemu ya mchoro.

Sasa mkono wake. Hamilton alizaliwa Hamwood, County Meath, akasoma Dublin Metropolitan School of Art chini ya William Orpen, kisha akafundishwa na Frank Brangwyn. Lakini kazi zake za kuanzia miaka ya 1920, alipokuwa akienda kuchora Venice, hazina weusi wa Orpen. Ni rangi nyepesi zilizochanganywa na nyeupe nyingi: kijivu cha lulu, bluu iliyopauka, waridi hafifu mawinguni, na juu yake rangi nzito iliyopakwa kwa kisu cha mchoraji kama siagi.

Kwenye soko la mifugo tazama ng'ombe. Yeye hachori ng'ombe kwa mstari. Mgongo ni pigo moja la kisu, kichwa ni doa jingine, na katikati yake rangi ya chini imeachwa ichungulie. Mwigaji huwa anaogopa: huchora kwanza muhtasari wa mnyama, kisha anaujaza rangi nzito ili ufanane. Ukilaza tochi ubavuni utaona matuta ya rangi yanafuata mstari kama uzio. Kwake tuta ndilo linalouumba mwili, na mara nyingi linaishia kwa kincha chembamba pale kisu kilipoinuliwa.

LMH ndivyo alivyotia sahihi kazi zake nyingi, kwa hiyo kukosekana kwa jina kamili si kasoro. Ila herufi tatu mtu yeyote anaweza kuziandika, na kwa maoni yangu sahihi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Ikague kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kama iliandikwa rangi ikiwa mbichi, utaona brashi imekokota rangi ya chini na kuchanganyika nayo. Kama iliandikwa baada ya rangi kukauka kidogo, basi nyufa zinapita kwenye herufi na kwenye rangi ya chini kwa pamoja. Ukiona rangi ya herufi imetiririka ndani ya nyufa na kuzijaza, hizo nyufa zilikuwepo kabla ya sahihi. Hapo simama.

Halafu popote utakapoona "Hamilton" bila jina la kwanza, uliza ni yupi. Dada yake Eva (1876–1960) naye alisoma kwa Orpen na alichora mandhari pia.

---

LeboNyuma

Naongezea hapo kwa mkuu. Katalogi isome neno kwa neno. Jina kamili la msanii bila kivumishi chochote maana yake nyumba ya mnada inasimamia kwamba ni kazi yake. "Inanasibishwa na" maana yake wanadhani. "Mtindo wa" maana yake si yeye. Kwenye sahihi pia kuna mtego: "imetiwa sahihi" ni tofauti na "ina sahihi". Ya pili inasema tu kwamba herufi zipo, haisemi nani aliziweka. Kisha tafuta kwenye masharti ya mauzo kifungu cha kazi za kughushi, uone una siku ngapi za kurudisha na wanataka uthibitisho wa aina gani.

Habari nyingi ziko nyuma. Dai picha ya mgongo mzima bila fremu. Lebo ya Royal Hibernian Academy (RHA, taasisi ya wasanii ya Ireland yenye maonyesho yake) kwa kawaida hubeba jina la msanii, anwani, jina la kazi na bei. Ukiipata, nenda kwenye fahirisi ya Ann Stewart ya walioonyesha RHA kuanzia 1826 hadi 1979, utafute jina la kazi na mwaka. Hamilton alionyesha huko kwa miongo mingi, kwa hiyo orodha yake ni ndefu na majina ya mandhari hujirudia: mahali na tukio, basi. Jina pekee halitoshi. Kinachofunga mjadala ni jina, bei na anwani vikikubaliana na katalogi ya mwaka mmoja.

Lebo nyingine za kutazamia ni za Society of Dublin Painters, kundi lililoanzishwa mwaka 1920 naye akiwa miongoni mwa waanzilishi, ambalo maonyesho yake yalikuwa 7 St Stephen's Green. Lebo ya Dawson Gallery, duka la sanaa la Dublin, haiwezi kuwa ya kabla ya 1944, maana ndipo ilipofunguliwa. Ukiiona kwenye kazi inayodaiwa kuwa ya 1930, si lazima iwe uongo, inaweza kuwa iliuzwa tena baadaye, lakini lebo hiyo haithibitishi ule mwaka.

Angalia pia lebo imebandikwa juu ya nini. Iliyogandishwa kwenye ubao wenyewe, imepauka pamoja nao na vumbi limeshika kingo zake, ina uzito. Iliyo kwenye fremu au kwenye karatasi ya kufunika mgongo inazungumzia fremu tu, na fremu huhama kutoka mchoro hadi mchoro.

Kwa utafiti wa Dublin penyewe kuna maktaba ya National Gallery of Ireland, na NIVAL, maktaba ya taifa ya sanaa iliyo ndani ya chuo cha sanaa cha NCAD, Thomas Street, wanaotunza majalada ya wasanii: katalogi ndogondogo, mialiko, vipande vya magazeti. Peleka picha za mbele na nyuma pamoja na vipimo sahihi, vinginevyo utazunguka bure.

Na mtu akikutajia medali ya shaba ya Olimpiki ya London 1948, ni kweli. Aliipata katika mashindano ya sanaa kwa mchoro wa mbio za farasi za Meath, na ilikuwa medali pekee ya Ireland mwaka ule. Inamhusu msanii. Uhalali wa ubao huu hauguswi nayo.

---

MlinziWaKanvasi

Hali ya rangi sasa. Kwa Hamilton, mimi ninachokihofia kuliko kughushi ni usafishaji mbaya. Thamani ya kazi hizi iko kwenye matuta ya kisu, na matuta ndiyo ya kwanza kuumia.

Omba picha iliyopigwa taa ikiwa imelazwa upande mmoja, chumba kikiwa giza. Vichwa vya matuta viwe vikali, vina kona. Vikiwa mviringo na vinang'aa, vimesuguliwa. Kisha tazama mabonde kati ya matuta. Uchafu wa moshi na vumbi hukaa mle, na mtu asiye fundi akipitisha pamba yenye kiyeyusho anafikia vilele tu. Matokeo yake ni vilele vyeupe kama chaki na mabonde ya kahawia, mchoro mzima unakuwa na milia ambayo msanii hakuikusudia. Hiyo hairekebishiki kirahisi, maana vilele vimeshapoteza ngozi yao.

Kama ingekuwa kanvasi ningekuambia uulize kama imebandikwa kanvasi ya pili nyuma. Kazi hiyo ilifanywa kwa gundi au nta, joto na mgandamizo, na rangi nene hulala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Kwako ni ubao, kwa hiyo uliza ni ubao gani. Kadibodi ya wasanii hufumuka kwenye kona, matabaka yakaachana kama kurasa. Plaiwudi hupasuka kwa kufuata nyuzi za mbao, na utaona nyufa ndefu zilizonyooka zikipita chini ya rangi bila kujali kilichochorwa. Hadibodi, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, hutulia zaidi, ila kingo zake hunywa maji.

Kwa vile rangi zake zina nyeupe nyingi, uliza pia kama kuna sehemu zinazobanduka. Nyeupe ya zinki ikizeeka huwa kavu na dhaifu, na hujitenga na tabaka la chini kwa vipande kama magamba. Usikubali mtu aguse sehemu hiyo kwa kidole "kuonyesha kwamba ni imara". Nyeupe ya risasi ni imara zaidi lakini ni sumu, kwa hiyo hakuna kusugua wala kupiga msasa.

Kisha taa ya UV (miale ya urujuanimno). Vanishi ya utomvu wa asili iliyozeeka hung'aa kijani. Marekebisho yaliyopakwa juu ya vanishi hutokea kama madoa meusi au zambarau iliyokolea. Tahadhari mbili: marekebisho ya zamani yaliyo chini ya vanishi yanaweza yasionekane kabisa, na ukungu mzito wa kijani uliosambaa sawasawa kila mahali unaweza kuwa ni wa kuficha. Picha safi ya UV pekee isikupe usingizi.

Ukitaka kupima umri, nyeupe ya titani ilianza kuuzwa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1910 na kuenea miaka ya 1920, na bluu ya ftalosianini ilikuja mwaka 1935. Ikikutwa ndani ya rangi ya asili ya kazi inayodaiwa kuwa ya 1912, kuna tatizo. Ikikutwa kwenye kiraka tu, inakuambia umri wa kiraka.

---

PichaZaZamani

Wakuu, shukrani sana. Nimewaandikia na wamejibu vizuri. Ubao ni 51 kwa 61 nje ya fremu, hadibodi. Nyuma kuna lebo ya RHA iliyobandikwa kwenye ubao, nusu imechanika: yanasomeka "…milton" na bei kwa pauni, jina la kazi limebaki neno la mwisho tu. Picha ya UV ni kijani hafifu, ila kuna doa jeusi la ukubwa wa kiganja mbinguni upande wa kulia, na vidoti vyeusi mfululizo kwenye ukingo wa chini. LMH haionekani tofauti na sehemu inayoizunguka. Ubao umepinda, katikati umekuja mbele milimita 6. Nisomeeni hii.

---

MlinziWaKanvasi

Vidoti vya chini ni msuguano wa fremu. Ubao hukaa kwa uzito wake kwenye ukingo wa chini, rangi inachubuka, mtu anagusia. Ni jambo la kawaida na halipaswi kukushusha bei sana.

Doa la mbinguni ndilo la kufuatilia. Siku ya maonyesho kabla ya mnada nenda nalo hivi. Omba mchoro ugeuzwe, kisha utazame mgongo mahali palepale. Hadibodi iliyotobolewa au kugongwa huacha alama nyuma: uvimbe, ufa wa nyota au kiraka. Mgongo ukiwa mzima, rudi mbele na tochi. Kama matuta ya kisu yanaendelea kupita ndani ya doa bila kukatika, basi rangi ya asili ipo chini na mtu amefunika waa tu. Hiyo fundi anaweza kuiondoa. Kama ndani ya doa uso ni laini, au una matuta yaliyoigwa kwa brashi ilhali majirani ni ya kisu, rangi ya asili imepotea na chini yake kuna kijazio. Kiganja kizima cha anga kwenye mchoro wa sentimita 61 ni kikubwa. Hapo mimi ningekata dau, na kwa kiasi cha kuonekana.

Kupinda: hadibodi iliyopakwa rangi upande mmoja hunywa unyevu upande wa pili, ndiyo maana inajongea. Milimita 6 si msiba. Msiba hutokea fundi wa fremu anapoinyoosha kwa skrubu, maana rangi nene haipindi, inapasuka. Fremu ndiyo ifuate ubao: vipande vya koki (gome laini la vizibo) au felti vilivyochongwa kufuata mkunjo, na vishikizo vyepesi nyuma vinavyoruhusu ubao kusogea. Usiutundike juu ya meko wala ukuta wa nje wenye baridi.

Kwa fundi, Institute of Conservator-Restorers in Ireland wana orodha ya wanachama. Tafuta wa michoro ya mafuta, si wa karatasi.

---

LeboNyuma

Lebo hiyo iliyochanika ina faida kuliko unavyodhani. Katalogi za RHA zilichapisha bei. Una neno la mwisho la jina la kazi na una bei: pitia miaka yake yote kwenye fahirisi, weka alama kila jina linaloishia na neno hilo, kisha linganisha bei kwenye katalogi za miaka hiyo. Mara nyingi yanabaki mawili au moja. Omba pia picha ya karibu ya lebo ikiwa imemulikwa kwa pembeni, penseli iliyofutika husomeka kwa mkwaruzo wake.

---

NyundoTatu

Nije kwenye pesa. Swali la kwanza: kamisheni ya mnunuzi iliyoandikwa ina VAT ndani au nje? Nyumba nyingi za Dublin zipo kati ya asilimia 20 na 25, lakini uandishi unatofautiana. VAT ya Ireland ni asilimia 23 na hapa inatozwa juu ya kamisheni.

Chukua mfano wa asilimia 25 pamoja na VAT juu yake. Nyundo ikigonga euro 5,000, kamisheni ni 1,250, VAT ni 287.50, jumla 6,537.50. Kumbe kama asilimia 25 tayari ina VAT ndani, jumla ni 6,250. Tofauti ni euro 287.50 kwa neno moja kwenye masharti.

Ili upate kikomo chako, gawa bajeti kwa 1.3075 (1 ya nyundo, 0.25 ya kamisheni, 0.0575 ya VAT). Euro 7,000 inakupa 5,353. Madau katika kiwango hicho mara nyingi hupanda kwa 250 au 500, kwa hiyo mwisho wako ni 5,250, ambayo inazaa 6,864. Hatua inayofuata, 5,500, ni 7,191 na umeshavuka. Ukiweka dau kupitia jukwaa la nje la mtandaoni linaloongeza mathalani asilimia 5 na VAT yake, kigawanyo kinakuwa 1.369 na kikomo kinashuka hadi 5,000. Hatua moja nzima imeliwa na jukwaa. Weka dau kwa simu au uachie dau la maandishi moja kwa moja kwa nyumba yenyewe.

Usisahau kwamba fundi hayumo kwenye hesabu hiyo. Doa la mbinguni na fremu vinataka fungu lao, kwa hiyo kikomo cha kweli ni 5,250 kutoa gharama hiyo. Mimi ningekaa 4,500 kama matuta yanapita kwenye doa, na nisingevuka makadirio ya chini kama hayapiti. Bei ya akiba ya muuzaji, yaani ile asiyokubali kuuza chini yake, kwa kawaida haizidi makadirio ya chini, kwa hiyo 4,000 ni dau halali kabisa.

Kuna haki ya msanii kwenye mauzo ya baadaye: yeye au warithi wake hulipwa sehemu ya bei kazi inapouzwa tena. Ireland inaanzia bei ya euro 3,000, ni asilimia 4 hadi euro 50,000, na inadumu miaka 70 baada ya kifo. Hamilton alifariki 1964, hivyo warithi wake wanayo hadi mwisho wa 2034. Kwa mchoraji mwingine wa Ireland, Mainie Jellett, aliyefariki 1944, imeshakwisha. Kwa dau la 5,000 ni euro 200, na Ireland deni hilo ni la muuzaji. Nasema hivi kwa sababu waliozoea minada ya London, ambako mara nyingi hutozwa mnunuzi, huipunguza kwenye kikomo chao bila sababu. Soma tu masharti kuhakikisha hakuna mstari unaokuhamishia.

Ukitaka kuutoa Ireland baadaye, uliza vibali mapema. Kibali cha Umoja wa Ulaya kwa michoro iliyozidi miaka 50 kinaanzia thamani ya euro 150,000, huko hufiki, lakini Ireland ina sheria yake ya 1945 ya kusafirisha picha na nyaraka. Idara ya usafirishaji ya nyumba ya mnada itakuambia.

---

PichaZaZamani

Nimeelewa, wakuu. Naenda Jumamosi na tochi na lenzi, na dau litakuwa kwa simu. La mwisho: nikiupata, naubebaje kwenye gari?

---

MlinziWaKanvasi

Usiuzungushie plastiki ya mapovu mbele. Mapovu huacha duara kwenye vanishi, na kwenye rangi nene hunasa kwenye vincha na kuvivunja. Acha fremu iwe ndiyo inayobeba. Weka pembe za kadibodi nene kwenye kona nne za fremu, zipande angalau sentimita 2 juu ya tuta refu kuliko yote, kisha funika kwa kadibodi ngumu inayokaa juu ya pembe hizo bila kugusa uso. Utepe wa gundi ugandishwe kwenye kadibodi, usiguse fremu. Simamisha wima, ukingo mrefu chini juu ya blanketi, uso ukitazama mgongo wa kiti, na mkanda upite kwenye fremu, usipite katikati ya ubao. Ukifika, uache ndani ya kifungashio saa 24 katika chumba utakachoutundika kabla ya kuufungua, ubao upate kuzoea hewa taratibu.

Na kabla hujautoa pale, piga picha mbele na nyuma mbele ya mhudumu, hasa lile doa na kingo za lebo. Lebo iliyochanika nusu huchanika tena kirahisi.